Gari la Bibi

Katika kila ukoo uliohama hubakia kitu kimoja ambacho kila mtu hudai kuijua habari yake. Kwetu sisi kitu hicho ni gari: Bedford CA iliyogeuzwa kuwa nyumba ya safari na karakana ya Martin Walter ya Folkestone, aina iliyojulikana kwa jina la Dormobile. Paa lake huinuka kwa upande mmoja mfano wa kifuniko cha sanduku, na turubai lenye milia hukunjuka chini yake. Ndani mna jiko dogo la gesi, na viti vinavyolazwa vikawa vitanda.

Habari tuliyoipokea kwa wazee ilikuwa fupi. Babu aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, akafikia Portsmouth, mji uleule alikokaa Sultani Jamshid uhamishoni. Akafanya kazi kwa jasho, akanunua gari jipya, akawatembeza wanawe katika nchi ya watu. Ami yangu alikisimulia kisa hicho kila Idi, nami nilipoanza kulikarabati gari sikuwa na nia ya kukihoji.

Shaka ya kwanza ililetwa na namba ya gari. Huishia na herufi D, nayo katika utaratibu wa Uingereza wa zama zile ni alama ya mwaka 1966. Lakini baba na ami wote wawili wanakumbuka kwamba gari lilifika nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bedford CA iliacha kutengenezwa mwaka 1969. Basi halikuweza kuwa jipya.

Jawabu lilikuwa ndani ya gari lenyewe. Tulipong'oa kiti cha nyuma ili fundi aichomelee sakafu iliyoliwa na kutu, tulikuta bahasha nyuma ya ubao. Mlikuwamo daftari la usajili la mtindo wa kale. Kabla ya kazi ya usajili kukusanywa Swansea katika miaka ya 1970, madaftari hayo yalitolewa na halmashauri za wilaya na miji, na kila aliyelichukua gari aliandikwa humo na kupigiwa muhuri. Jina la kwanza ni la mwanamume wa Kent, la pili ni la mwanamke wa Southampton. La tatu si la Babu. Ni la Bibi, ambaye hakupata kushika usukani maisha yake yote.

Daftari hilo peke yake si ushahidi wa kutosha. Sheria ya Uingereza hutofautisha baina ya mtunzaji wa gari na mwenye mali, na daftari humtaja mtunzaji. Lakini ndani ya bahasha ileile mlikuwa na stakabadhi ya sonara: vikuku sita vya dhahabu, uzito wake na bei yake, tarehe yake ikiwa siku nne kabla ya muhuri wa daftari. Nilimpigia simu shangazi, binti wa Bibi kwa mume wake wa kwanza, aliyelelewa na jamaa za baba yake na kuhamia Maskati baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango Waomani wa Afrika Mashariki. Kabla sijamwambia idadi, alisema, "Vikuku sita. Vilikuwa mahari ya mama kwa baba yangu."

Hapo ndipo historia ilipogeuka kuwa deni. Babu alipofariki, gari lilihesabiwa katika tirka yake. Bibi akapewa thumni ya kitu kilichokuwa chake chote, akanyamaza. Shangazi, kwa kuwa si mtoto wa Babu, hakupata kitu. Lakini kama mali ilikuwa ya Bibi, basi warithi wake ni wanawe wawili na binti mmoja: mafungu matano, na moja ni la shangazi.

Ami alikasirika. Alisema ninamvua marehemu heshima yake. Nilimjibu kwamba Babu ndiye aliyeliendesha gari na kulitengeneza kwa mikono yake miaka mingi, na hayo hakuna anayeyafuta. Baba alikaa kimya siku nyingi, kisha akasema tupige hesabu.

Hesabu ilihitaji kujua kipi ni cha zamani na kipi ni chetu. Vizingiti vya milango, sakafu, breki na turubai ni vipya, kwa gharama yetu. Injini, makabati na paa ni vya 1966. Tulikuwa tumevihifadhi kwa sababu nyingine: tangu Mei 2018, gari lililopita miaka 40 husamehewa ukaguzi wa kila mwaka iwapo halikubadilishwa sana. Thamani ya gari ikakadiriwa, gharama za ukarabati zikatolewa, na fungu la tano likapelekwa Maskati. Shangazi alilipokea lote. Wako waliotaraji angesamehe. Mimi naona alifanya sawa, maana aliyedhulumiwa halazimiki kuwa mkarimu ili wengine wapumue.

Hati ya sasa ya Swansea ina jina moja tu, nalo ni langu, kwa kuwa ndiye mtunzaji. Daftari la kale tumelirudisha nyuma ya kiti, pamoja na karatasi yenye saini zetu sote. Ya ami iko chini kabisa, aliitia mwezi mmodi baada ya wengine.

Ndugu zangu wasomaji, wengi wetu tumerithi nyumba, maduka na magari yenye visa vya mababu. Kabla hamjavisimulia tena, tazameni tarehe, kisha ulizeni dhahabu ya nani iliuzwa mwaka ule.