Utumbo Huchomekana, Hausokotwi

Waraka mmoja wa istilahi za tiba, ambao sitautaja kwa kuwastahi waliousaini, umeiita hali ya utumbo kuingia ndani ya utumbo “msokoto wa matumbo”. Msokoto ni wa kamba na tumbaku. Utumbo ukijisokota ni maradhi mengine, na yana daktari wake wa kuyaeleza.

Ugonjwa tunaouzungumzia, ambao huweza kuleta hali hiyo, ni ule wenye majina ya Schönlein na Henoch: vishipa vidogo vya damu vya mtoto hupata mchochota, vipele vya zambarau hutokea miguuni na matakoni, viungo huuma, tumbo hukata. Schönlein aliandika habari za viungo mwaka 1837, Henoch akaongeza za tumbo mwaka 1874. Damu huvujia katika ukuta wa utumbo mwembamba, na kipande kilichovimba husukumwa hadi kikaingia ndani ya kinachofuata. Huko ni kuchomekana. Waraka huo huo, kwa kukamilisha kazi yake, unauita ugonjwa wenyewe “uvimbe wa mishipa”. Mwambieni hivyo mama wa Lugoba, aliyekulia Pwani ambako mshipa ni ngiri na busha, muone atamtazama mwanawe wapi.

Mimi nilipendekeza *mchomekano*. Mjumbe mmoja wa kamati ya istilahi akasema kitenzi chake, *chomeka*, ni cha kutendeka, kama vunjika, hivyo hakifai. La hasha! Hii *-ek-* (au *-ik-*) ni kiambishi kingine, kikongwe, cha kuweka kitu mahali pake: bandika, pachika, chomeka. Dalili yake ni kwamba kinyume chake hutokea chenyewe: bandua, pachua, chomoa. Basi istilahi moja imezaa na jina la tiba, *uchomoaji*. Msokoto umezaa nini? Na kama kutana hutoa mkutano na pambana hutoa mpambano, chomekana itoe nini kingine? Mjumbe mwingine alisema, mbele za watu, kuwa neno langu ni la mafundi cherehani. Nashukuru. Kila mwanafunzi wa Lugoba huambiwa achomekee shati. Hakuna anayeambiwa alisokote.

Kwa matumizi: tumbo linalokata kwa vipindi, kutapika nyongo au choo chenye damu kwa mtoto wa vipele hivyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, akapimwe kwa altrasaundi, kwani mchomekano wa ugonjwa huu mara nyingi hubaki katika utumbo mwembamba, ambako hewa inayopulizwa kupitia njia ya haja kubwa ili kuuchomoa kwa kawaida haifiki, na uchomoaji, ukihitajika, huwa wa daktari wa upasuaji. Maumivu huweza kutangulia vipele.

Wingi wake ni michomekano, iwapo kamati itauliza.