Kutoka Mkimbizi hadi Mlowezi: Kiswahili katika Makazi ya Warundi, Magharibi mwa Tanzania

Mwanafunzi wa mofolojia anapolichambua neno mkimbizi kwa mara ya kwanza, aghalabu hukosea. Hudhani kwamba linatokana na kukimbiza, kana kwamba mhusika ndiye anayewafukuza wengine. Sivyo. Mzizi ni wa kukimbia. Ile l ya kale iliyokwisha kudondoka katika kitenzi hujitokeza tena kwa sura ya z mbele ya kiambishi tamati -i, kama tupatavyo mlezi kutokana na kulea na mpokezi kutokana na kupokea. Kwa kanuni iyo hiyo, kitenzi kulowea, yaani kuhamia mahali na kufanya makao ya kudumu, kimetupa mlowezi. Neno hili liliharibiwa jina na wazungu waliotwaa mashamba ya watu huko Kenya na Rhodesia, lakini jioni hii naomba ruhusa nilitumie katika maana yake ya asili. Nataka kuuliza ni kwa njia gani wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipata kuwa walowezi Tanzania, na Kiswahili kilikuwa na sehemu gani katika safari hiyo.

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, ikiwalenga hasa wasomi: walimu, wanafunzi, watumishi wa umma. Waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Maelfu kwa maelfu ya walionusurika walivuka mpaka na kuingia Tanzania. Serikali yetu, kwa kushirikiana na UNHCR na shirika la TCRS, iliwafungulia Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora mwaka 1972, Katumba karibu na Mpanda mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978, ambako wengi walihamishiwa kwa kuwa Ulyankulu maji na ardhi havikutosha. Mahali hapo paliitwa makazi, si kambi. Tofauti hiyo haikuwa ya maneno matupu: kambini mtu hupangiwa chakula, katika makazi alipewa ardhi. Mishamo kila kaya iligawiwa takriban hekta 5 za msitu wa miombo, wenye mbung'o na wanyama wakali, ili iufyeke na kujilisha.

Kazi ya kwanza, basi, haikuhitaji mkalimani. Kulima kwa Kirundi ni kurima, na jembe halina sarufi. Walilima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, na baada ya miaka michache wakawa na ziada ya kuuza. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, makazi yote matatu yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa Serikali. Hapo pa kuuza ndipo lugha ilipoingia. Mizani ya tumbaku, daftari la ushirika, stakabadhi ya kodi, cheti cha zahanati na kibali cha kutoka nje ya makazi vyote vilikuwa vya Kiswahili. Wale waliotoka ufuoni, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, ambako lugha hii ilikuwa imefika zamani kwa njia ya biashara ya ziwani, walikuwa na nafuu kuliko wenzao wa milimani.

Kwa watoto, njia ilikuwa shule. Shule za msingi za makazi zilifuata mitaala ya Tanzania, kwa Kiswahili, katika miaka ileile ambapo Azimio la Musoma la 1974 lilihimiza elimu ya msingi kwa wote. Naliona jambo hili kuwa kiini cha kadhia nzima: lugha ambayo mwenyeji anamsomeshea mtoto wa mgeni ni tamko kuhusu muda anaotaka mgeni huyo akae. Linganisheni na waliokuja baada ya 1993. Hao waliwekwa makambini, mwendo wao ukawekewa mipaka, na watoto wao wakafundishwa kwa mitaala ya kwao. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliandikwa katika hali hiyo ya kuwatarajia waondoke.

Hata hivyo nisikikuze Kiswahili kupita kiasi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, alionyesha katika kitabu chake cha 1995 jambo linalotutatiza. Waliosaidiwa sana, wale wa Mishamo, ndio walioshikilia zaidi kwamba wao ni wakimbizi na kuisimulia historia yao kama taifa lililo uhamishoni. Wale wa Kigoma mjini, ambao hawakugawiwa chochote, walijichanganya na wenyeji sokoni na katika vibarua, wakaoa na kuolewa, na wengi hawakutaka kutambulikana kwa asili yao. Makazi yaliwapa watu ardhi, lakini yaliwatenga pia.

Sheria ya Uraia ya 1995 humtaka mwombaji ajue Kiswahili au Kiingereza. Mwaka 2007 Serikali ilipowapa wakimbizi wa 1972 nafasi ya kuchagua, takriban asilimia 80 waliomba uraia. Waliokubaliwa walikuwa 162,156. Lugha walikuwa nayo, na kodi walikuwa wamelipa. Lakini vyeti vilicheleweshwa kwa sharti kwamba kwanza wahamie mikoa mingine, yaani wayaache mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Sharti hilo lililegezwa, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014.

Waliochagua kurejea walipelekwa Burundi kuanzia 2008. Wengi wa watoto wao walikuwa wamezaliwa Tanzania. Huko walikuta masomo ya Kirundi na Kifaransa, na wapo waliorudishwa madarasa ya chini, wakakaa benchi moja na watoto wadogo, wakiwa na Kiswahili fasaha ambacho mwalimu hakuwa na namna ya kukisahihisha wala kukipa alama.