Kutoka kwa Simba wa Simu Hadi Managu ya Reli

Nikiwa fom two nilichora simba hadi nikapoteza hesabu. Wote nilinakili kwenye simu. Manze, simba mwenyewe sijawahi kumwona, lakini watu wa mtaa walinunua, na mia mbili ni mia mbili.

Aliyeniharibia hiyo biashara ni Elimo Njau. Alizaliwa 1932 huko Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katikati ya migomba na kahawa, halafu akasomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell. Enzi hizo Yesu wa kwenye picha alikuwa Mzungu, full stop. Sasa Njau akapewa kuta za kanisa la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Kufikia 1959 alikuwa amemaliza michoro mitano mikubwa. Yesu wake ni Mwafrika, na anazaliwa, anabatizwa na kusulubiwa kwenye mandhari ya pale pale Ukikuyuni. Fikiria umetoka kuzika watu wako, unaingia kanisani, na uchungu wa Biblia umewekwa kwenye ardhi unayoilima. Na mchoraji ni mtoto wa mlima mwingine kabisa! Ilibidi aiangalie hiyo nchi kwanza.

Mwaka wa 1965 yeye na wenzake wakaanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, ambayo baadaye ilihamia Ridgeways, si mbali na sisi wa 45. Hilo jina linanifurahisha sana. Paa ni yule mnyama mdogo wa jamii ya swala, na kupaa ni kwenda juu. Mnyama wa porini amepewa jumba la sanaa, na anaruka. (Paa pia ni la nyumba, najua. Moto wa 1997 uliteketeza kazi nyingi mle ndani, kwa hivyo huo mzaha una uchungu wake.) Njau alikuwa mkali juu ya kitu kimoja: kuiga. Niliposoma hivyo niliangalia simba wangu nikaona aibu.

Jumamosi iliyofuata nilikaa kando ya reli, karibu na soko, na penseli. Kulikuwa na managu yamejiotea kwenye kokoto, majani yamejaa vumbi, matunda bado mabichi. Nilichukua saa mbili kwa shina moja. Mama mmoja wa mboga akachungulia.

"Kijana, hayo ninauza. Mbona usinunue tu?"

Ule mchoro bado haujapata mteja.