Om, rozari na pumzi sita kwa dakika

Nimekuwa kimya kidogo hapa, mnisamehe. Kazi za chumba cha habari zimenibana hadi usingizi ukaanza kunipiga chenga. Rafiki yangu akanivuta kwenye darasa la yoga. Mwishoni mwalimu akasema tufumbe macho, tutoe "Om" kwa sauti ndefu. Mdomo wangu ukagoma! Nilimkumbuka bibi yangu na rozari yake, nikajiuliza: hapa si naabudu miungu ya watu?

Nikarudi nyumbani, nikafungua vitabu.

Kumbe wasiwasi wangu una msingi. Om haikubuniwa na wauza mikeka ya mazoezi. Ni silabi takatifu ya Veda, maandiko ambayo Wahindi waliyahifadhi kwa kuyakariri, mdomo kwa sikio, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza ukariri huo kuwa urithi wa binadamu wote. Mandukya Upanishad inaigawa Om kuwa A, U na M, halafu kimya kinachofuata. Patanjali, katika Yoga Sutra, anaiita jina la Ishvara, yaani Bwana, na anataka mtu airudie huku akiitafakari maana yake. Katika karne ya 15 kitabu cha Hatha Yoga Pradipika kikafundisha kusikiliza sauti ya ndani, nada: kwanza ngurumo na ngoma, baadaye kengele, mwishowe filimbi na mvumo wa nyuki.

Kwa hiyo anayesema "ni mazoezi tu" anakata mti kwenye shina.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia walichapisha utafiti katika jarida la BMJ la Uingereza. Watu wazima 23 wenye afya walisali rozari kwa Kilatini, kisha wakarudia mantra yenye Om ndani yake. Katika yote mawili pumzi zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mdundo huo. Siri ni nini? Maneno yanaigawia pumzi kipimo: ukitamka unatoa hewa polepole, na mwenzako akipokea, wewe unavuta.

Hapo nikamwelewa bibi. Tulipokuwa wadogo tukiharakisha Salamu Maria ili tukalale, alituanzisha upya. Alianza yeye nusu, sisi tukamalizia. Hakusoma BMJ, ila kipimo alikijua.

Naona mapafu hayaulizi dini. Moyo ndio unauliza, na hata Patanjali alitaka maana iwepo. Basi darasani ninaendelea, ila wenzangu wakiimba Om mimi nasikiliza tu, kwa heshima.

Juzi usiku nikampigia bibi simu, tukasali. Tulipofika tendo la tatu nikasikia kwa mbali, "Wewe mjukuu wangu, umelala?"

Nilikuwa nimelala.