Karatasi Zilizofichwa

Leo tuzungumze juu ya wazee wa Kenya walioidai fidia Serikali ya Uingereza.

Mwezi wa Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari ili kuwavunja Mau Mau. Maelfu ya watu walitiwa kizuizini, na wengi waliteswa humo. Kenya ilipata Uhuru 1963, lakini Mau Mau walibaki marufuku mpaka 2003.

Mwaka 2009 wazee watano walifungua kesi London. Serikali ikajibu kwamba deni hilo, kama lipo, lilirithiwa na Kenya huru. Jibu la ajabu! Yaani aliyepigwa ajilipe mwenyewe. Hakimu alilikataa Julai 2011.

Sasa sikilizeni vizuri. Wazee walikuwa na makovu. Karatasi zilikuwa kwa Serikali. Mafaili kama 1,500 yalihamishwa kutoka Kenya wakati wa Uhuru, na miaka mingi baadaye yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, huko Uingereza. Kesi hii ndiyo iliyoyatoa. Mlikuwa na barua ya 1957 ambayo Mwanasheria Mkuu wa koloni alimweleza Gavana namna ya kuwapiga wafungwa. Aliyeandika hakudhani kwamba sisi tutaisoma.

Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228, pamoja na gharama za kesi. Lakini haikukubali kwamba ina hatia kisheria.

Wengine zaidi ya 40,000 walidai baadaye. Mwaka 2018 mahakama ya London ilikataa madai yao: muda, ilisema, umepita mno.