Watoro wa Rabai na Deni la Ahadi

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Uingereza, alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na uliofunga masoko yao. Mkataba huo haukufuta utumwa wenyewe. Katika mashamba ya Malindi na Takaungu, pwani ya Kenya ya leo, mtumwa aliendelea kuwa mali ya bwana wake, na sheria ilimtambua hivyo. Miaka miwili baadaye wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili kuwapa makao watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza. Hao walikuwa huru kisheria. Shida ilizuka kwa watoro, waliokimbia mashambani kwa miguu yao wenyewe na kubisha hodi misheni, hasa kwenye kituo chake cha Rabai.

Mabwana walidai mali yao, na mwaka 1880 ghadhabu ya wenye watumwa wa Mombasa nusura ilete shambulio dhidi ya Freretown. Balozi wa Uingereza, aliyejua kuwa misheni ilikaa katika nchi ya Sultani kwa hisani yake, hakutaka sheria za mwenyeji zivunjwe. Wakuu wa misheni wakaahidi kutopokea watoro. Hata hivyo Rabai iliendelea kujaa. Msimamizi wake, William Jones, alikuwa Mwafrika aliyewahi kuuzwa utumwani, akakombolewa na kusomeshwa Nasik, India. Chini yake watoro walipata viwanja, wakalima, wakasali na kuoana. Basi wajibu wa kutimiza ahadi na kuheshimu sheria uligongana na wajibu wa kutomrudisha binadamu kwenye minyororo, na hapakuwa na njia ya kutii yote miwili.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akiuliza mlangoni aliko rafiki yako, huruhusiwi kumdanganya. Kwa mizani hiyo, Rabai ilikosea. Lakini mizani hiyo haiulizi gharama ya utiifu inamwangukia nani. Waswahili husema ahadi ni deni, na deni hulipwa kwa mali ya mdaiwa. Wakuu wa misheni walipoahidi kutowapokea watoro, waliweka rehani miili ya watu ambao hawakuulizwa, na ambao ndio wangechapwa iwapo ahadi ingetimizwa. Mtu anaweza kujifunga kwa jasho lake, fedha zake, hata maisha yake. Hawezi kujifunga kwa uhuru wa mwingine. Ahadi ya namna hiyo haikuwa na nguvu tangu ilipotamkwa.

Atakuja mpinzani aseme kwamba kila mtu akijichagulia ni wajibu upi autii, neno la mtu halitaaminika tena, na misheni iliyofukuzwa pwani isingemsaidia mtoro yeyote. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kipimo nilichotaja, cha kuuliza gharama inamwangukia nani, hakimwachii mtu afuate matakwa yake, maana kinambana hasa pale kuvunja ahadi kunapomfaidi yeye mwenyewe. Rabai haikufaidika hivyo: kuwahifadhi watoro kuliihatarisha. Mwingine atasema kwamba kutomrudisha mtoro nako ni wajibu usiovunjwa kamwe, hivyo tunarudi palepale. Sikatai kwamba upo wajibu usiotetereka. Ninachokataa ni kuupa kila wajibu hadhi hiyo, kana kwamba adabu kwa mwenyeji ni sawa na uhai wa mgeni.

Mwaka 1888 George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyopata mamlaka ya kutawala pwani, aliukuta mgogoro huu ukitishia kazi yake yote. Alipatana na mabwana kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Wengi wamelaumu kwamba fidia hiyo ilikubali kuwa binadamu anaweza kuwa mali, na lawama hiyo ni ya haki: aliyenyang'anywa miaka ya kazi hakulipwa kitu, na sheria iliyofuta utumwa pwani ya Kenya mwaka 1907 ilirudia kasoro hiyohiyo kwa kuwafidia mabwana. Hata hivyo safari hii gharama ya amani haikulipwa kwa migongo ya watoro. Ilitoka mifukoni mwa Waingereza, ambao tangu mwanzo ndio walioitaka amani hiyo.