Msumari Ukutani Bukoba

Msonge wa wazee wetu wa Kihaya, miti iliyokunjwa ikafungwa kwa kamba na kuezekwa nyasi hadi chini, ulijua kuyumba. Tofali la kuchoma lilienea enzi za wamisionari, likawa heshima; saruji ilipokuwa ghali, sisi mafundi waashi tuliungia udongo, maana mwenye nyumba ndiye alipaye.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 alasiri na ushei, Kagera ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Hapa Bukoba, mtaa wa Hamugembe uliumia vibaya. Shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa.

Tangu hapo, nikipita mitaani nakagua. Lenta imezunguka nyumba nzima, au ni kipande tu juu ya mlango? Pembe zimefungamana? Ile pembetatu ya tofali chini ya paa imeshikwa na nini? Ikimwagika, humwagikia barazani, wanakokimbilia watu. Rangi mpya hainidanganyi. Wahandisi wana mitambo yao. Mimi nachomeka msumari kwenye kiungo cha tofali. Ukizama bila nyundo, namwambia mama mwenye nyumba asogeze kitanda cha wajukuu leo hii.